Mzee Asinyang'anywe Bao Lake

Wafanyakazi wa dunia walipigania kwa miaka mingi jambo moja ambalo leo twaliona kuwa la kawaida, nalo ni kwamba siku ya mtu isimezwe yote na kazi. Walidai saa 8 za kazi, saa 8 za usingizi, na saa 8 za kujitawala wenyewe. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, na mkataba huo ulihusu saa 8 za kazi viwandani. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa, katika kifungu cha 24 cha Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu, ulikubali kwamba kila mtu anayo haki ya kupumzika na ya kuwa na wasaa wake. Kila mtu, bila kubagua. Haikuandikwa kwamba haki hiyo ni ya wenye kumbukumbu nzuri peke yao.

Twalikumbusha neno hili leo kwa sababu wako wazee wengi katika miji na vijiji vyetu ambao wamenyang'anywa haki hiyo, wala aliyewanyang'anya si mkoloni wala si tajiri wa kiwanda. Wamenyang'anywa na sisi watoto wao, tena kwa nia njema. Nao ni wale wazee walioingiwa na maradhi ya kusahau, ambayo madaktari huyaita demensia.

Twamfahamu mzee mmoja, ambaye hatutamtaja jina, aliyekuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Kwa zaidi ya miaka 30 alisimama gatini akihesabu magunia na makasha, na hesabu yake ilikuwa haibishiwi. Alipostaafu, kila alasiri jua lilipopungua ukali alikwenda barazani kwa jirani yake kucheza bao. Msomaji ajua bao ni mchezo wa namna gani: mashimo 32, kete 64, na mchezaji hana budi kuifuata hesabu kwa macho na kichwa kabla mkono haujagusa kete. Mzee huyu alizihesabu kete kama alivyoyahesabu magunia, na vijana waliotaka kumfunga walirudi makwao na aibu yao.

Basi siku moja akakosea. Alitia kete katika shimo lisilo lake. Siku nyingine akasahau kama zamu ni yake au ni ya mwenziwe. Wenzake walicheka kwanza, kisha wakanung'unika. Habari zikafika nyumbani. Wanawe, ambao ni watu wazima wenye kazi zao na heshima zao, wakaona haya, wakasema, "Baba asitoke tena, asije akachekwa na watu." Bao likawekwa juu ya kabati. Mzee akawekewa kiti kizuri, akapewa chakula kizuri, shuka safi na mtu wa kumtazama. Hakupungukiwa na kitu ila kimoja: hakuwa na jambo la kufanya tangu macheo hata machweo.

Kisha ikawa kila ifikapo saa 10 alasiri mzee aanza kuhangaika. Huenda mlangoni, hutikisa kitasa, huulizia viatu vyake. Akizuiwa, hupaza sauti. Watu wa nyumbani walisema maradhi yamezidi, na yamkini yalizidi kweli. Lakini hakuna aliyekumbuka kwamba saa 10 ndiyo iliyokuwa saa ya bao. Mzee alikuwa na miadi ambayo mwili wake uliikumbuka, ingawa ulimi wake haukuweza tena kuieleza.

Hatukusudii kuwalaumu watoto hao. Wengi wetu tungalifanya vile vile. Twakusudia kuuliza kama kumlisha, kumvika na kumfungia mlango mzee ndiyo maana yote ya kumtunza.

Kwanza yafaa tuyajue maradhi yenyewe. Demensia si ugonjwa mmoja, bali ni hali itokanayo na maradhi mbalimbali yauharibuyo ubongo. La kawaida zaidi ni lile liitwalo Alzheimer, ambalo hukisiwa kuwa katika wagonjwa 60 hadi 70 kwa kila 100. Limepewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901 alimpokea mama mmoja hospitalini Frankfurt, na mwaka 1906 akawaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen aliyoyaona katika ubongo wa mama huyo baada ya kufa kwake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia ulimwenguni, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Si ugonjwa wa Wazungu, basi. Hapa kwetu Tanzania uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, miongoni mwa watu wa miaka 70 na zaidi, ulionyesha kwamba karibu watu 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi haya.

Maneno haya hayana budi kusemwa kwa sauti kubwa, kwa kuwa wako wenzetu ambao bado husema ni uchawi, au ni laana, au ni malipo ya ujana mbaya. Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu ajuza mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, akizungumza peke yake njiani, ametuhumiwa kuwa mchawi, na wako waliopoteza maisha yao kwa tuhuma hizo. Huo ni ujinga wenye kuua, na kila mwanachama na kila mfanyakazi anao wajibu wa kuupinga popote ausikiapo. Wala demensia si uzee wa kawaida. Tena si kila mwenye kusahau anayo demensia. Ukosefu wa baadhi ya vitamini, ugonjwa wa tezi la shingoni, huzuni kubwa, au dawa zisizomfaa mtu huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumpeleka mzee hospitali, si kumpeleka kwa mpiga ramli.

Lakini baada ya hospitali je? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, maana dawa ya kuiponya demensia haijapatikana. Dawa mpya iitwayo lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kidogo kasi ya ugonjwa wa Alzheimer kwa wale walio mwanzoni tu; nayo ilipotoka bei yake ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka mmoja. Mfanyakazi wa kwetu aisikiapo bei hiyo huinamisha kichwa. Sisi twasema asikiinamishe. Mgonjwa wa demensia huweza kuishi miaka mingi, na kila mwaka una siku zake, na kila siku ina alasiri yake. Alasiri hiyo haingojei dawa. Yataka mtu wa kukaa naye.

Mwingereza mmoja, Tom Kitwood, aliyefundisha huko Bradford, aliandika mwaka 1997 kwamba mwenye demensia bado ahitaji mambo yale yale ayahitajiyo kila mtu: faraja, watu wa kushikamana nao, kushirikishwa, kujulikana yeye ni nani, na shughuli ya kufanya, na katikati ya hayo yote pana upendo. Wazee wetu wasingaliona ajabu maneno hayo. Methali yetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huielewa kuwa ni methali ya kumkomoa mgeni mvivu. Lakini ndani yake mna heshima pia, kwa kuwa apewaye jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Mzee aliyekalishwa kitini asiguse kitu amefanywa mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Tena kuna sababu katika ubongo wenyewe. Ugonjwa wa Alzheimer huanza mara nyingi kwa kuharibu sehemu ile ipokeayo mambo mapya na kuyaweka. Ndiyo maana mzee husahau kama amekwisha kula, lakini akumbuka jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Ustadi wa mikono, kama kusuka ukili, kupepeta mchele, kushona au kurambaza jembe kwenye matuta, umewekwa mahali pengine katika ubongo, nao hudumu zaidi. Muziki nao una nafasi ya peke yake. Mwaka 2015 wachunguzi wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba zile sehemu za ubongo zitumikazo kuzikumbuka nyimbo za tangu zamani ni miongoni mwa zile zichelewazo kuharibiwa na ugonjwa huu. Basi mama asiyeweza kumaliza sentensi huweza kuimba wimbo wa kanisani, au kasida, beti kwa beti. Mzee wa miaka 80 leo alikuwa kijana katika miaka ya 1960. Mpigie muziki wa Cuban Marimba ya Morogoro, au taarabu ya Unguja ya siku zile, kisha utazame miguu yake.

Haya si maneno ya kufurahisha baraza tu. Mwaka 2003 huko Uingereza Aimee Spector na wenziwe walitangaza matokeo ya jaribio lililohusu watu 201 wenye demensia. Walikutanishwa katika vikundi vidogo mara 14 kwa muda wa majuma 7, wakaongea, wakaimba, wakacheza, wakashika vitu vya zamani na kusimuliana. Walionekana kuwa na nafuu katika kufikiri na katika hali ya maisha yao kuliko wale ambao hawakupata nafasi hiyo. Mpango huo uliletwa Hai, ukatengenezwa upya upate kuwafaa wazee wasiojua kusoma na kuandika na wale ambao macho yao yamepungua nguvu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 juu ya wazee 34 yalionyesha nafuu katika kufikiri na kupungua kwa wasiwasi. Vifaa vilikuwa ni watu, maneno, nyimbo na vitu vya nyumbani.

Hata hivyo hatupendi kuwadanganya wasomaji wetu. Wako wasemao kwamba mwenye kucheza bao hapati demensia. Ni kweli kwamba uchunguzi mmoja wa New York, uliotangazwa mwaka 2003, uliwafuata watu 469 waliopita miaka 75, ukaona kwamba waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya mezani, wakipiga ala za muziki na kucheza dansi walipata demensia kwa uchache zaidi. Lakini yawezekana pia kwamba wengine waliacha michezo kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kuwanyemelea. Bao si chanjo. Na kwa aliyekwisha ugua, bao halimrudishii yaliyopotea. Tukimpa mzee mchezo kwa kutumaini kwamba atapona, siku tutakapoona haponi tutauweka tena juu ya kabati.

Basi hoja yetu si kwamba burudani ni dawa. Hoja yetu ni kwamba burudani ni sehemu ya kuishi, na mwenye demensia bado aishi. Mfanyakazi hakudai wasaa wake kwa sababu utamponya ugonjwa. Aliudai kwa sababu yeye si mashine. Hali kadhalika mzee huyu si mzigo wa kulindwa ghalani usiharibike. Akicheka leo na kesho akasahau kwamba alicheka, kicheko cha leo hakikupotea bure. Kilikuwa chake wakati ule, na mwili wake ulipumzika kwa ajili yake.

Ndiyo maana twaonya juu ya kosa moja lifanywalo na wenye bidii. Hulifanya bao kuwa mtihani. Humwuliza mzee, "Unanikumbuka? Mimi ni nani? Jana tulikula nini? Hebu hesabu." Mzee akikosa, humsahihisha mbele ya watu. Waliouanzisha mpango ule wa vikundi waliweka kanuni nzuri: mwulize mtu maoni yake, usimwulize kumbukumbu zake. Usiseme, "Unakumbuka bei ya sukari zamani?" Sema, "Waonaje, mzee, sukari hii imezidi?" Swali la kwanza lina jibu moja, naye aweza kulikosa. Swali la pili halina kosa, na jibu lake ni lake mwenyewe.

Yako na mengine madogo ambayo hayataki fedha. Mpe jambo alilolipenda yeye, si lile ulipendalo wewe. Aliyekuwa mvuvi mpeleke ufukoni akatazame mashua zikiingia. Fupisha mchezo kabla hajachoka. Mpe miwani yake, na useme naye uso kwa uso ikiwa masikio yamepungua, kwa maana wengi hudhaniwa kuwa hawaelewi kumbe hawasikii. Mwache mama achambue mchele hata kama utauchambua tena baadaye akiisha kwenda kulala. Na siku asipotaka kucheza, mwache akae atazame, kwa kuwa kutazama bao nako ni bao, na kila baraza lina watazamaji wake.

Wengine watatuambia, "Sisi ni maskini, starehe ni ya matajiri." Twawajibu kwamba bao huchimbwa hata ardhini, na kete ni mbegu za komwe. Wengine watasema ni aibu kumtoa mzee nje akakosea mbele ya watu. Twawajibu kwamba kuugua si aibu. Mwenye kuona haya na awe yule amchekaye.

Sasa tumfikirie na mtunzaji. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika saa zote zitumikazo kuwatunza wenye demensia, 70 katika kila 100 hutolewa na wanawake, na kwamba jamaa na marafiki hutumia kwa wastani saa 5 kila siku. Ndugu mfanyakazi, saa 5 hizo hazimo katika mkataba wowote. Hazina malipo wala likizo. Ni binti aliyeacha biashara yake, au mkamwana ambaye hajahudhuria harusi kwa miaka 3. Nusu ya kazi yake ni kumzuia mzee asitoke. Majirani wakimchukua mzee saa mbili za alasiri wakakaa naye barazani, watu wawili wamepumzika kwa mara moja. Haki ya wasaa ni ya mama huyo pia, naye huipata kwa mlango ule ule autokeao mzee.

Kwa hiyo yatupasa tufanye nini? Vyama vya wafanyakazi vinaweza kuwafundisha wanachama wao juu ya maradhi haya kabla ya kustaafu, na kuzungumza na waajiri juu ya ruhusa kwa mfanyakazi mwenye mzazi mgonjwa. Halmashauri zetu ziyalinde mabaraza na vivuli vya miti mikubwa, maana kila mahali pa wazi pajengwapo ukuta au kibanda wazee hukosa pa kukaa. Taifa letu linayo Sera ya Wazee tangu mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70, hata wasiowahi kuajiriwa, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini pensheni hununua kahawa, hainunui mtu wa kunywa naye. Huyo hana budi kutoka mtaani, nyumba ya pili au ya tatu, na huenda akawa ndiye wewe usomaye.

Turudi kwa karani wetu wa bandarini. Aliyelitoa bao juu ya kabati ni mjukuu wake, aliyechoka kuusikia ule mlango ukitikiswa. Alikwenda kwanza peke yake barazani, akawaeleza wazee wale ugonjwa wa babu yake ni ugonjwa gani, pasipo kuficha. Walinyamaza. Kisha mmoja wao akasema kwamba walimchukua yule mzee kuwa mwenzao miaka 20, wala hawakumchukua kwa ajili ya hesabu zake. Tangu siku hiyo hucheza naye polepole. Akikosea, mwenziwe huiweka kete mahali pake bila kusema neno, kama vile mtu amsogezeavyo mwenziwe kikombe.

Hakupona. Wako watoto wake ambao hana hakika tena na majina yao, na maradhi yataendelea kama yaendeleavyo. Lakini saa 10 alasiri huvaa viatu vyake, na mlango hufunguliwa, na kutoka saa hiyo hata jua kuzama yeye si mgonjwa wa mtu yeyote. Ni mchezaji aliyengojewa.

Msomaji, yamkini katika nyumba yako pia kuna kitu kilichowekwa juu ya kabati: bao, ukili, kitabu cha nyimbo, redio ya zamani. Kiteremshe leo.